Sura ya 6: Mbona Hapa Naruka, Pale Sisikii?

"Dokta, mbona ukiniminya hapa naruka, na pale wala sisikii?"

Hakuna muuguzi wa kituo cha afya, kuanzia Kasongo hadi Kabambare na vijiji vya njia ya Salamabila, ambaye hajaulizwa swali hili. Anayeuliza huwa ni mama aliyetoka kutua kitunga cha mihogo, au kijana mchimba dhahabu aliyeshikwa na kiuno shimoni. Amelala kifudifudi, kidole gumba cha muuguzi kinashuka kutoka shingoni kufuata mgongo. Shingoni anakunja uso. Kiunoni anauliza, "Umekwisha gusa?" Kidole ni kilekile na nguvu ni ileile.

Wengi hujijibu wenyewe: panapouma zaidi ndipo penye ugonjwa. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo imewafanya watu wachanjwe chale mahali pasipo na kosa na kunywa dawa zisizowahusu. Mwili wenye afya kamili una sehemu zinazouma upesi zikiminywa na sehemu zinazovumilia. Ukiziandika zote, sehemu kwa sehemu, unapata ramani. Katika sura hii tutaiona ramani hiyo na jinsi inavyopimwa, kisha tutakaa zaidi kwenye jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha: ramani hiyo hubadilika, na kubadilika kwake ndiko kunakomweleza muuguzi habari kubwa.

Maumivu yanapimwaje?

Maumivu hayana rangi wala uzito, ila nguvu inayoyaleta inapimika. Kifaa chake kinaitwa algometa: ni mpini wenye saa au kioo cha namba, na mbele yake kuna kichwa cha mpira chenye upana wa sentimita moja ya mraba, karibu sawa na ncha ya kidole. Mpimaji anakisimamisha juu ya ngozi na kukandamiza polepole, akiongeza kati ya nusu kilo na kilo moja kila sekunde. Anayepimwa ameambiwa neno moja tu la kusema. Mgandamizo ukianza kugeuka maumivu, hapo hapo aseme "sasa". Mpimaji anaachia mara moja na kusoma namba. Anarudia mara mbili au tatu na kuchukua wastani.

Namba hiyo inaitwa kizingiti cha maumivu, yaani kiasi kidogo kabisa cha nguvu kinachotosha kuuma. Kizingiti kikiwa chini, mahali hapo panauma upesi. Kikiwa juu, panavumilia. Watu wengi huyachanganya haya mawili, kwa hiyo yashike vizuri kabla ya kuendelea.

Huna algometa? Chukua mizani ya dukani, ile ya kuwekea mchele juu yake. Weka kidole gumba, kandamiza mpaka mshale ufike kilo 4, na utazame ukucha wako: sehemu kubwa imegeuka nyeupe. Rudia mpaka kidole chenyewe kikumbuke nguvu hiyo. Kwa miaka mingi madaktari wa mifupa na misuli walifundishwa hivyohivyo, na baadaye tutaona walikitumia kidole hicho kwa kazi gani.

Ramani ya mwili wenye afya

Vipimo vya namna hii vimefanywa kwa maelfu ya watu katika nchi nyingi. Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, kimekwenda mbali zaidi: watafiti wake hupima nukta nyingi zilizopangwa kwa karibu juu ya bega moja au mgongo mmoja, kisha huchora picha ya rangi kama ramani ya milima na mabonde. Ukiziweka picha hizo pamoja, mwelekeo mkubwa ni huu:

- Kichwa na uso viko chini kabisa. Kwenye panja, pembeni ya jicho, mtu mzima mwenye afya mara nyingi husema "sasa" kwenye kilo 2 au 3.
- Shingo na juu ya mabega vinafuata. Sehemu ya juu ya msuli wa bega huuma upesi kuliko sehemu yake ya chini, ingawa ni msuli mmoja.
- Mgongo huzidi kuvumilia kadiri unavyoshuka kuelekea kiunoni.
- Miguu iko juu. Msuli ulio mbele ya mguu, kando ya mfupa wa muundi, mara nyingi hufika kilo 4 hadi 6 kabla ya kulalamika.

Basi yule mama aliyekunja uso kwenye shingo na kunyamaza kiunoni huenda hana ugonjwa wowote shingoni. Mwili wake unafanya kama miili mingine yote.

Kwa wastani wanawake husema "sasa" mapema kuliko wanaume, ila kati ya mwanamke na mwanamke, au mwanamume na mwanamume, tofauti ni kubwa pia. Asitokee mtu kusema kwamba hii inaonyesha nani ana moyo na nani hana. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vilivyofanywa Kenya na G. M. O. Maloiy na wenzake, kwa wanawake wa Kijaluo wanaobeba mizigo kichwani na wa Kikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa kipajini, kama wabebavyo mama wengi wa mashariki ya Kongo. Wanawake hao walitembea na mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Uwezo wa kustahimili kazi na kizingiti cha kuminywa ni vitu viwili tofauti, na mama anayesema "hapa panauma" asikilizwe hata kama jana alibeba magunia.

Kwa nini sehemu hazilingani?

Sababu ya kwanza ni kile kilichoko chini ya ngozi. Kila mfupa umevikwa utando mwembamba, na katika tishu zote za ndani ya mwili utando huo ni miongoni mwa zinazouma upesi kabisa. Ndiyo maana muundi ukijigonga kwenye kigoda usiku unaona nyota: hapo ngozi imekaa moja kwa moja juu ya mfupa, hakuna nyama katikati. Sogeza kidole kidogo tu kwenda upande wa nje, ukute msuli, na mguu huohuo unavumilia kilo kadhaa.

Sababu ya pili ni neva, yaani nyuzi zinazopeleka habari kutoka mwilini hadi kwenye uti wa mgongo na ubongo. Nyingi zimejificha ndani. Chache hupita juujuu. Ile ya nyuma ya kiwiko hupita kwenye mfereji wa mfupa, na ikigongwa mkono wote hadi kidole cha mwisho unapigwa shoti. Likumbuke eneo hilo la kiwiko. Tutalirudia kwa jambo zito zaidi.

Na nyayo je? Watu wa vijijini huamini kwamba anayetembea peku mguu wake umekufa ganzi. Watafiti wakiongozwa na Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na mwenzake Nicholas Holowka walilinganisha watu wa Kenya waliozoea kutembea peku na wanaovaa viatu, na mwaka 2019 wakatangaza walichokiona: sugu nene ya mguu haipunguzi uwezo wa kusikia mtikisiko wa ardhi. Ngozi imekomaa, hata hivyo neva zilizo ndani zinasoma njia kama kawaida. Sugu ni kinga nzuri kuliko tulivyodhani.

Jambo moja zaidi kabla ya kuendelea. Ramani ya kuguswa na ramani ya kuminywa si moja. Mjerumani Ernst Weber alionyesha tangu mwaka 1834, kwa kutumia bikari, kwamba ncha ya kidole hutambua nukta mbili zilizoachana milimita 2 au 3 tu, wakati mgongoni nukta mbili zilizoachana sentimita kadhaa husikika kama moja. Unaweza kujaribu sasa hivi kwa njiti mbili za kiberiti na mtu aliyefumba macho. Mgongo ni mzito kutambua mahali, lakini ukipata jeraha utakuuma sawasawa.

*Kwa kifupi: mwili mzima wenye afya huuma upesi kichwani na shingoni, na huvumilia zaidi kuelekea miguuni. Namba moja peke yake haithibitishi ugonjwa.*

Mgonjwa wa Bambarre

Sasa tuje kwenye kubadilika, na mfano wake mkubwa uko nyumbani kwetu.

Tarehe 22 Julai 1870 msafiri Mskoti David Livingstone alirudi Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, kituo cha wafanyabiashara Waswahili na Waarabu kwenye njia ya kutoka Ujiji kwenda Nyangwe. Alikuwa ametembea kwenye matope ya misitu akitafuta kuufikia mto Lualaba, na miguu yake yote miwili ilikuwa imeshikwa na vidonda vinavyokula nyama. Alikaa ndani ya kibanda siku 80, hadi tarehe 10 Oktoba. Akikanyaga chini, kidonda kinatoa maji ya damu. Usiku maumivu yanamnyima usingizi. Alijaribu dawa nyingi, na aliyoiona ina faida ni unga wa malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, uliosagwa kwa maji juu ya jiwe na kupakwa kwa unyoya. Hakuondoka Bambarre mpaka Februari 1871.

Hakuwa peke yake katika mateso hayo. Ameandika kwamba kilio cha watumwa wenye vidonda kama vyake kilikuwa mojawapo ya sauti za usiku katika kambi za watumwa, na kwamba vidonda hivyo vilikula nyama, mishipa na mfupa, vikilemaza au kuua. Yeye alikuwa na kibanda na jina. Wao walifungwa minyororo, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Tunapozungumza juu ya maumivu katika ardhi yetu ya Maniema, wao ndio wa kwanza kukumbukwa.

Livingstone huyohuyo, mwaka 1844, alikamatwa begani na simba huko Mabotsa, Afrika Kusini. Simba alimtikisa na kuuvunja mfupa wa juu wa mkono. Mfupa huo haukuunga vizuri maisha yake yote, na kwa alama yake maiti yake ilitambuliwa London mwaka 1874. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1857 alieleza kwamba mdomoni mwa simba hakusikia maumivu wala hofu, ila namna ya usingizi wa macho wazi.

Bega liko upande wa ramani unaouma upesi, na wayo uko upande unaovumilia. Kwa Livingstone mambo yaligeuka juu chini: bega lililosagwa na meno ya simba lilinyamaza, na wayo ukamfunga ndani siku 80.

Nini hubadilisha ramani?

Tuanze na wayo. Tishu ikiumia hutoa kemikali mahali hapo, mojawapo ikiitwa prostaglandini. Kemikali hizo huzinoa neva za maumivu, na kizingiti kinashuka. Mguso uliokuwa si kitu unakuwa moto. Ibuprofeni na diklofenaki, zinazouzwa katika kila duka la dawa, hufanya kazi kwa kuzuia prostaglandini isitengenezwe, na zikinywewa kiholela huharibu tumbo na figo.

Maumivu yakikaa wiki na miezi, uti wa mgongo na ubongo navyo hubadilika. Kijiji kilichovamiwa usiku kinaijua hali hii: mwezi mzima baadaye, mbwa akibweka tu, watu wote wako nje na watoto mgongoni. Hakuna aliyewaambia waogope, na wavamizi wamekwisha kwenda. Ndivyo mwili unavyokaa macho. Mtu mwenye kiuno cha miaka mitatu akipimwa kwa algometa huweza kukutwa na kizingiti kilichoshuka hata mguuni au mkononi, mahali pasipowahi kuumia. Hadanganyi, na wala hajarogwa. Mishipa yake ya fahamu imejifunza kulinda kupita kiasi.

Hapa ndipo kile kidole cha kilo 4 kilipotumika. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani waliweka masharti ya kutambua faibromialgia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima pamoja na uchovu na usingizi mbovu: nukta 18 mwilini zilikandamizwa kwa nguvu ya kilo 4, na zikiuma 11 au zaidi kwa mtu mwenye maumivu yaliyoenea kwa miezi mitatu, jina lilithibitishwa. Mwaka 2010 masharti mapya yaliachana na kidole na kuuliza maswali badala yake. Naona walifanya vyema. Vidole vya madaktari havilingani nguvu, na nukta haziwezi kueleza mtu analalaje.

Na bega la Mabotsa? Mwaka 1965 Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna mlango unaoweza kuzuia habari za maumivu zisipande. Sehemu nyingi za maelezo yao zimerekebishwa tangu hapo, lakini msingi umesimama: ubongo hutuma amri za kushuka, na katika hatari kubwa huweza kuyazima maumivu kwa muda ili mtu apate kujiokoa. Kusugua pia husaidia kuufunga mlango huo. Mama anayemsugua mtoto goti lililogongwa ana sayansi mkononi, na mkandaji mwenye mafuta ya mawese ya uvuguvugu vilevile, mradi asikande juu ya mfupa uliovunjika, uvimbe wenye joto au jipu.

*Kwa kifupi: jeraha hushusha kizingiti mahali pake, maumivu ya muda mrefu hukishusha hata mbali, hatari na kusugua hukipandisha kwa muda.*

Kuminya kwa akili

Kanda ya Kasongo ina historia ya kuheshimika katika kuwaamini wauguzi. Kuanzia miaka ya 1970 Mradi wa Kasongo, kwa ushirikiano na Taasisi ya Tiba za Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, ulijenga mtandao wa vituo vya afya vinavyoendeshwa na wauguzi, na utafiti wake juu ya chanjo ya surua ulisomwa duniani kote mwaka 1981. Muuguzi asiye na mashine bado ana mikono. Aitumie hivi:

1. Anza mbali na panapouma, ili mgonjwa aizoee nguvu yako.
2. Minya upande mzima kwanza, kisha upande mgonjwa, mahali palepale na kwa nguvu ileile. Kipimo cha mtu ni mwili wake mwenyewe, si mwili wa jirani.
3. Ongeza polepole, na macho yako yawe usoni kwa mgonjwa.
4. Uliza: "Mama, huu ndio uchungu uliokuleta, au ni wa kuminywa tu?" Swali hili lina thamani kuliko namba yoyote.

Usisahau kwamba maumivu huweza kujitokeza mbali na chanzo. Moyo ukikosa damu huuma mkono wa kushoto au taya. Bega likiuma na ukiliminya halizidi kuuma wala likisogezwa halibadiliki, tafuta chanzo mahali pengine, tena haraka.

Mahali palipokufa ganzi

Nimeandika kurasa nyingi juu ya sehemu zinazouma kupita kiasi. Zinazonitia hofu zaidi ni zile zisizouma kabisa, kwa sababu hakuna anayepanda baiskeli kwenda kituo cha afya kwa ajili ya kitu kisichomuuma.

Ukoma bado uko nasi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mojawapo ya nchi za Afrika zinazoandikisha wagonjwa wapya wengi kila mwaka. Bakteria wake hupenda neva zilizo karibu na ngozi, na alama yake ya kwanza mara nyingi ni doa lililofifia au jekundu ambalo likiguswa kwa pamba halisikii. Muuguzi anayeutafuta huminya taratibu mahali patatu: nyuma ya kiwiko, ile sehemu ya shoti; chini kidogo ya goti upande wa nje; na nyuma ya fundo la ndani la mguu. Anatafuta neva iliyonenepa kama kamba, au inayouma ikiguswa kidogo tu. Neva inayouma inawaka, na bado inaweza kuokolewa kwa prednisoloni ikiwahiwa katika miezi ya mwanzo. Neva iliyonyamaza muda mrefu kwa kawaida hairudi, na mwenye mkono au mguu uliokufa ganzi hivyo huungua motoni au hukatwa na jembe bila kujua, mpaka vidole viishe.

Kwa hiyo leo jioni, kabla giza halijaingia, kagueni ngozi nyumbani, watoto kwa wazee, mgongoni na makalioni pia ambako mtu hajioni. Gusa kila doa kwa pamba au unyoya, mwenye doa akiwa amefumba macho, na aonyeshe kwa kidole ulipogusa. Asipoonyesha, mpeleke kituo cha afya wiki hii hii, na usimfiche wala kumtenga. Tangu mwaka 1995 dawa za ukoma hutolewa bure duniani kote kupitia Shirika la Afya Duniani, matibabu huchukua miezi 6 au 12, na mgonjwa aliyeanza kuzinywa huacha kuambukiza wengine ndani ya muda mfupi.